Sanaa, taaluma au elimu pana: njia nne za shahada zikilinganishwa

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na muda si mrefu dirisha la udahili linakuwa wazi. Aliyesoma michepuo ya sanaa ya Tanzania kama HGL, HKL au HGE anajikuta njia panda, sawa na Mkenya aliyepata C+ au zaidi anayejaza chaguo zake KUCCPS, mfumo wa kuwapangia wanafunzi vyuo. Achukue shahada ya sanaa, ambayo kila mjomba atauliza "utafanya kazi gani nayo?", au akimbilie shahada ambayo jina lake tayari ni kazi? Kando ya hizo zipo njia mbili zinazozidi kuulizwa: vyuo vya elimu pana, au sanaa huria, vilivyopo Afrika, na vile vya Marekani vinavyotoa ufadhili mkubwa kwa wageni.

Elimu pana ni mtaala unaomtaka mwanafunzi apitie fasihi, historia, falsafa, hesabu na sayansi huku akibobea katika somo moja. Wengi hudhani ni habari ya "masomo ya arts" tu. Fizikia, baiolojia na hisabati zimo, na mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) ana nafasi huko sawa na wa HKL.

Kwa hiyo tunalinganisha njia nne: BA ya chuo kikuu cha umma (Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na wenzao), shahada ya taaluma moja kama sheria, uhasibu au ualimu, chuo cha elimu pana barani Afrika, mfano USIU-Africa na Daystar nchini Kenya au Ashesi nchini Ghana, na chuo kidogo cha elimu pana Marekani, kama Amherst, Williams, Bowdoin au Berea.

Vigezo

Tutazipima zote kwa mambo matano: unasoma nini na nani anaisoma kazi yako, uhuru wa kitaaluma, gharama, cheti kinafungua mlango gani, na mambo gani huharibika.

Kigezo cha pili ndicho ambacho wazazi hukiruka, wakidhani ni ugomvi wa maprofesa na serikali. Ukweli ni kwamba kinaamua unachofundishwa. Mhadhiri anayeogopa hukupa vitabu salama, maswali salama na mada ya utafiti isiyomgusa mtu. Na faida kubwa inayotajwa ya elimu pana, yaani kujifunza kupima hoja mbili zinazopingana, inakufa pale hoja mojawapo inapokuwa hairuhusiwi darasani. Wanaopima uhuru huu kimataifa, katika mradi wa V-Dem na Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg, huangalia mambo matano: uhuru wa kufundisha na kutafiti, uhuru wa kubadilishana na kusambaza maarifa, chuo kujiendesha, usalama wa kampasi, na wasomi kusema hadharani. Mwanafunzi anaweza kuyageuza kuwa maswali ya kawaida: Nani ana uwezo wa kumkatalia mhadhiri wangu kozi? Nani ataidhinisha utafiti wangu? Nikialika mgeni chama cha midahalo, nahitaji barua ya nani?

Unasoma nini, na nani anaisoma kazi yako

BA ya umma Tanzania na Uganda ni miaka 3, Kenya miaka 4. Dar es Salaam unachukua masomo ya fani yako, na juu yake kuna kozi za lazima zinazofahamika kwa herufi zake: DS za maendeleo na CL za stadi za mawasiliano. DS ni urithi wa mjadala wa miaka ya Azimio la Arusha, wakati chuo kilipoamua kwamba mhandisi na mwanasheria wote wawili waijue jamii yao. Kwa maana hiyo elimu pana si ngeni Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa. Imebanwa tu katika kozi mbili tatu ambazo wengi huzisoma ili wazimalize. Mihadhara ni mikubwa, wanafunzi mamia katika ukumbi wa Nkrumah au Yombo, na semina zinaendeshwa na wasaidizi wa wahadhiri. Mgawanyo wa alama uliozoeleka Dar ni 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Kenya mara nyingi ni 30 kwa 70. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya uandishi wako utaandika ndani ya saa tatu za chumba cha mtihani, na hutarudishiwa ikiwa na maelezo pembeni.

Shahada ya taaluma haina nafasi nyingi za kuchagua. LLB, yaani shahada ya sheria, ya Dar ni miaka 4 na kozi zake nyingi ni za lazima. Ualimu wa sekondari unakufunga kwenye masomo mawili ya kufundishia, saikolojia na falsafa ya elimu, na mafunzo kwa vitendo. Lakini BA yenye Elimu inastahili kutazamwa mara mbili: unapata historia au fasihi ileile ya BA, darasa lilelile, pamoja na sifa ya kufundisha.

Vyuo vya elimu pana vya Afrika viko katikati. USIU-Africa inafuata mfumo wa Kimarekani wa miaka 4 wenye kozi za elimu ya jumla kwa kila mwanafunzi, hata wa biashara. Daystar inaongeza kozi za msingi wa Kikristo. Ashesi, iliyoanza mwaka 2002 chini ya Patrick Awuah, ambaye mwenyewe alisoma Swarthmore, haina shahada ya fasihi wala historia. Inatoa kompyuta, biashara, uhandisi na fani chache nyingine, lakini kila mwanafunzi anapitia kozi za uandishi, usomaji wa matini, na semina za uongozi na maadili. Anayetaka kubobea katika historia yenyewe basi asiende Ashesi kwa sababu tu imeandikwa "elimu pana".

Marekani ndiko mfumo huu ulikokomaa. Kwa kawaida ni kozi nne kila muhula, karibu 32 kwa miaka 4, na somo kuu unalitangaza mwishoni mwa mwaka wa pili. Amherst haina orodha ya kozi za lazima: ni semina moja ya mwaka wa kwanza na masharti ya somo lako kuu. Williams ina darasa linaloonyesha vizuri fedha inakwenda wapi. Ni profesa mmoja na wanafunzi wawili, mara moja kwa wiki. Wiki hii mmoja anaandika insha ya kurasa 5 hadi 7 na kuisoma mbele ya mwenzake, ambaye ameandaa ukosoaji wa maandishi. Profesa anasikiliza na kuchokonoa. Wiki inayofuata wanabadilishana. Hakuna pa kujificha, na baada ya wiki 12 hivi mtu anakuwa ameandika insha tano au sita ambazo kila moja imeshambuliwa uso kwa uso. Mfumo huu ni ghali, na vyuo vya umma vya kwetu haviwezi kuuiga kwa wanafunzi wote. Ila mhadhiri wa semina ya watu 20 anaweza kuuiga kwa sehemu, na wapo wanaofanya hivyo.

Uhuru wa kitaaluma

Vyuo vya umma vya Afrika Mashariki vina historia ndefu ya uhuru huu kupiganiwa na kunyang'anywa. Mwaka 1970 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku jarida la wanafunzi Cheche pamoja na chama chao, USARF, ingawa wote walijiita wajamaa kuliko serikali. Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwishoni mwa Desemba 1977, na alipoachiwa mwaka mmoja baadaye hakurudishiwa kazi yake chuoni. Mwaka 1982 ikawa zamu ya wahadhiri kadhaa kwa mpigo, Willy Mutunga na Al-Amin Mazrui wakiwemo. Kutokana na mambo ya aina hiyo yalitokea maazimio mawili mwaka 1990: la Dar es Salaam mwezi Aprili, lililoandaliwa na jumuiya za wanataaluma wenyewe, na la Kampala mwezi Novemba. Yote mawili yanataja uhuru pamoja na wajibu kwa jamii.

Kisheria, nchi hazifanani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 33, inautaja uhuru wa kitaaluma na wa utafiti wa kisayansi kwa jina. Ya Uganda ya 1995 inautaja katika ibara ya 29. Ya Tanzania inalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 18 bila kutaja vyuo. Tofauti hii ina uzito: mhadhiri wa Kenya ana kifungu cha kupeleka mahakamani moja kwa moja. Nchini Tanzania mkuu wa chuo kikuu cha umma huteuliwa na Rais, na utafiti una vibali vyake kupitia tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, kama ilivyo NACOSTI Kenya. Mwaka 2018 shirika la Twaweza lilipotoa matokeo ya utafiti wa maoni ya wananchi, COSTECH ililiandikia ikihoji kibali. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ya 2015 ilifanyiwa marekebisho yaliyofanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopinga za serikali. Mwaka 2019 sharti hilo likaondolewa. Athari kwa mwanafunzi haiwi kukamatwa. Inakuwa ni msimamizi kukuambia kwa upole, "badilisha mada, hii itakuchelewesha". Mara nyingine ana haki kabisa, maana kibali cha kuhoji watu katika wilaya kinaweza kula muhula mzima.

Pamoja na hayo, vyuo hivi vina kitu ambacho vingine havina: wahadhiri wa ajira ya kudumu walio wengi, jumuiya za wanataaluma zenye mizizi, na kumbukumbu ya mapambano. Issa Shivji alifundisha sheria Mlimani kwa miongo kadhaa huku akiikosoa serikali kwa maandishi.

Shahada za taaluma hubanwa kwa namna tofauti. Mabaraza ya taaluma, kama yale ya sheria na ya uhasibu, yanataka kozi fulani ziwepo, na mtihani wao wa nje unamfanya mwanafunzi aulize kila mara, "hii itatoka?" Hakuna anayekukataza kusoma falsafa ya sheria, muda ndio haupo.

Kwa vyuo binafsi vya elimu pana Afrika, swali la kwanza ni nani analipa mishahara. Chuo kinachotegemea ada kinaogopa soko zaidi ya serikali: somo lisilojaza darasa linafutwa. Chuo cha kidini kina mipaka ya imani, na kile kinachoiandika wazi kabla hujajiunga kinakutendea haki kuliko kinachokuachia uigundue mwaka wa tatu. USIU-Africa ina ithibati ya tume ya elimu ya vyuo vikuu ya Kenya, CUE, na ya wakala wa ithibati wa magharibi mwa Marekani, WSCUC, ambao masharti yao yanakitaka chuo kitangaze hadharani sera yake ya uhuru wa kitaaluma. Sera hiyo iombe uisome. Ghana nayo inautaja uhuru huu katika ibara ya 21 ya katiba ya 1992. Udhaifu wa kawaida wa vyuo binafsi ni wahadhiri wa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Asiye na uhakika wa kurudi muhula ujao hagombani na mtu.

Marekani ndipo picha imebadilika zaidi. Msingi wake ni tamko la chama cha maprofesa, AAUP, la mwaka 1915 na lile la 1940, ambayo yaliufungamanisha uhuru wa kitaaluma na ajira ya kudumu. Msingi huo bado upo, lakini umetikiswa. Florida ilipitisha sheria mwaka 2022 na 2023 zinazoingilia yanayofundishwa kuhusu rangi na jinsia katika vyuo vya umma. Januari 2023 gavana aliteua wajumbe sita wapya wa bodi ya New College of Florida, chuo kidogo cha umma cha elimu pana, na kabla mwaka haujaisha bodi ikaamua kuifuta programu ya masomo ya jinsia. West Virginia University, kwa sababu za fedha, ilipiga kura Septemba 2023 kuondoa programu 28 na nafasi 143 za wahadhiri, na lugha za kigeni zikaumia vibaya. Vyuo vidogo binafsi viko mbali zaidi na mabunge ya majimbo, hivyo darasani kwao mjadala kwa kawaida ni mpana kuliko popote katika njia hizi nne.

Lakini wewe ni mgeni. Machi 2025 mwanafunzi wa uzamivu wa Tufts, raia wa Uturuki, alikamatwa na maofisa wa uhamiaji baada ya viza yake kufutwa. Kilichotajwa ni makala aliyoshiriki kuandika katika gazeti la chuo mwaka uliotangulia. Mahakama iliamuru aachiwe Mei. Raia aliyeandika makala hiyohiyo hana viza ya kufutwa. Kwa hiyo uhuru wa chuo uhesabu mara mbili: wa darasani, na wa mwenye pasi yako ya kusafiria.

Gharama na nani analipa

Hapa vyuo vya umma vina nguvu. Ada ya shahada za sanaa Dar es Salaam imekuwa karibu na shilingi milioni moja kwa mwaka. Kinachouma ni malazi, chakula na nauli. Bodi ya Mikopo ya Tanzania, HESLB, hukopesha ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo, na mkopo unarudishwa kwa asilimia 15 ya mshahara. Sayansi, afya na ualimu wa sayansi hupewa kipaumbele, hivyo mwombaji wa BA asipange maisha kana kwamba boom, yaani fedha za kujikimu, limeshaingia. Kenya, mfumo wa 2023 unawapanga wanafunzi katika makundi matano kwa kipato cha familia. Mfumo huo umepita mahakamani, kwa hiyo soma masharti ya mwaka wako, usitumie ya kaka yako.

Shahada za taaluma zina ada zilizo karibu na hizo chuoni, lakini zina bili ya pili. Mwanasheria atalipia mafunzo ya vitendo katika shule ya sheria, mhasibu atalipia mitihani ya bodi. Iandike bili hiyo kwenye hesabu leo.

USIU-Africa na Daystar ni ghali mara kadhaa kuliko BA ya umma kwa asiye na ufadhili, na Mtanzania anayevuka mpaka asitegemee mkopo wa Bodi. Ashesi ina ufadhili wa maana kwa wanaouhitaji, ila nafasi zinagombaniwa bara zima.

Bei iliyoandikwa ya vyuo vidogo vya juu vya Marekani inazidi dola 80,000 kwa mwaka, na ndiyo inayowakimbiza watu bure. Amherst na Bowdoin huchagua hata wageni bila kutazama uwezo wa kulipa, kisha hufidia upungufu wote wa familia. Berea haitozi ada, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Hatua ni hizi: fomu ya Common App, fomu ya fedha ya CSS Profile (omba msamaha wa ada ya fomu, unatolewa), barua mbili za walimu, matokeo yako, na mtihani wa Kiingereza. Mwisho wa maombi ya kawaida ni siku za mwanzo za Januari, ya mapema ni Novemba, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Anayesubiri matokeo ya Julai ndipo aanze amechelewa mwaka mzima. Ofisi za EducationUSA zilizo chini ya balozi za Marekani hutoa ushauri bure, na Kenya kuna KenSAP inayowasaidia waliofaulu sana KCSE.

Barua ya ufadhili isome mstari kwa mstari: ruzuku hairudishwi, mkopo unarudishwa, na "kazi ya chuoni" ni fedha ambayo bado hujaifanyia kazi. Uliza kama nauli ya ndege na bima ya afya vimo. Visipokuwemo, pengo linaweza kufika dola elfu kadhaa.

Cheti kinafungua mlango gani

Katika ajira za serikali, jina la shahada ni kila kitu. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania linataja fani, na mfumo hautaki kusikia kwamba "masomo mapana" yako yalijumuisha uchumi. BA ya Uchumi, Takwimu, Sosholojia au Utawala wa Umma ina matangazo yake. BA yenye jina la mseto mara nyingi haina. Kabla ya kuchagua, pitia matangazo ya miezi sita iliyopita uhesabu ni mangapi yanataja fani yako kwa jina.

Ualimu una ngazi yake. TSC, tume ya walimu ya Kenya, inataka C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili ya kufundishia, kwa hiyo mtu asiye na C+ ya Kiswahili asidhani shahada itafuta hilo. Mwenye BA tupu anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu ya mwaka mmoja. Sheria nayo ina mtego: Marekani haina LLB ya kuanzia, sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na udaktari vilevile. Anayetaka kuwa wakili Dar au Nairobi akiwa na miaka 24, basi chuo cha elimu pana Marekani kitamzungusha.

Kuhusu kipato, kuna takwimu moja nzuri, nayo ni ya Marekani tu. Kituo cha elimu na ajira cha Chuo Kikuu cha Georgetown kilikokotoa Januari 2020 kwamba faida ya kifedha ya kusoma chuo cha sanaa huria, kwa kati, ni dola 62,000 baada ya miaka 10, ikilinganishwa na 107,000 kwa vyuo vyote; lakini baada ya miaka 40 ni dola 918,000 dhidi ya 723,000. Yaani wanaanza polepole kisha wanawapita wengine. Usiihamishe takwimu hiyo Kariakoo kama ilivyo: soko ni jingine, na vyuo hivyo huchagua wanafunzi ambao wangefanikiwa hata kwingine. Inachofundisha ni kwamba familia inayohitaji mshahara wa mtoto ndani ya miaka mitatu na ile inayoweza kusubiri hazifai kufuata ushauri mmoja.

Fani moja ya sanaa inastahili kutajwa kando. Kiswahili kimepata siku yake ya kimataifa, Julai 7, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi. BA ya Kiswahili ikiambatana na Kifaransa au Kiarabu kilichosomwa kwa dhati ni mtaji kwa tafsiri na ukalimani. Bila lugha ya pili, ni ualimu.

Shahada ya nje lazima itambuliwe: TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya. Fanya hivyo mara tu unapopata cheti, ukiwa na orodha rasmi ya kozi na alama. Wanaosubiri hadi tangazo la kazi litoke hukosa tarehe.

Yanayoharibika

BA ya umma: maksi kupotea, sup (mitihani ya marudio) zinazorundikana kwa sababu ya kozi za lazima zilizodharauliwa, na mada ya utafiti inayochaguliwa mwezi mmoja kabla. Tunza nakala ya kila kazi uliyowasilisha na saini ya mapokezi.

Taaluma: mtu kugundua mwaka wa tatu kwamba haipendi, wakati hakuna mlango wa pembeni.

Elimu pana Afrika: ada kupanda katikati, na kozi iliyotangazwa kutofunguliwa kwa kukosa watu. Waulize ni lini mara ya mwisho kozi unayoitaka ilifundishwa kweli.

Marekani: viza. Juni 2025 serikali ya nchi hiyo iliwawekea raia wa nchi kadhaa vikwazo vilivyogusa viza za masomo, Burundi ikiwemo. Desemba orodha ikapanuliwa na Tanzania ikaingia, kuanzia Januari 2026. Kenya haikuwemo. Orodha hubadilika, hivyo tazama tovuti ya ubalozi kabla ya kulipia chochote. La pili ni uhai wa chuo chenyewe: Marlboro ilifungwa 2020, Mills ikamezwa na Northeastern 2022. Chuo chenye wanafunzi mia chache na akiba ndogo kinakupa ufadhili leo bila uhakika wa kuwepo mwaka wako wa nne.

Kulingana na hali yako

Una pointi za kutosha, huna fedha, unategemea mkopo, na wadogo zako wanasubiri: BA yenye Elimu, au shahada ya taaluma unayoweza kuivumilia. Kozi za hiari zitumie zote nje ya fani yako.

Unapenda siasa, historia au fasihi na huna haraka ya mshahara: BA ya umma, kwa sharti kwamba utatafuta semina zenye maandishi mengi na jumuiya ya midahalo. Kabla ya kuchagua idara, omba mpangilio wa kozi mbili za mwaka wa tatu. Ukiona kila mada ina waandishi wanaopingana, hapo panafaa. Ukiona orodha ni ya makala za mhadhiri mmoja, tafuta idara nyingine.

Una familia inayoweza kulipa, au ufadhili wa Ashesi, na unataka biashara au kompyuta lakini hutaki kumaliza bila kujua kuandika: elimu pana Afrika. Soma kanuni za wanafunzi kwanza. Kifungu cha "kuchafua jina la chuo" kisicho na maelezo kinaweza kumaanisha chochote siku utakapoandika jambo lisilopendeza.

Ni Mkenya mwenye A au A-, una mwaka wa kusubiri, na hujui bado unataka kuwa nani: omba vyuo vidogo vya Marekani, angalau sita, viwili kati ya hivyo visivyotazama uwezo wa kulipa, na usikatae nafasi ya KUCCPS hadi uwe na barua ya ufadhili na viza mkononi. Ukishafika, muulize ofisa wa wanafunzi wa kimataifa, kabla hujachapisha maoni ya kisiasa, ni ulinzi gani chuo kitakupa.

Ni Mtanzania mwenye ndoto hiyohiyo: vikwazo vikiwa bado vipo, anza Mlimani, Dodoma au Ashesi, na uipange Marekani kwa shahada ya pili. Huko nyuma mtu mwenye GPA nzuri, barua za wahadhiri wanaomjua kwa jina, na insha moja ndefu aliyoiandika upya mara kadhaa amekuwa akipata ufadhili wa uzamili kwa urahisi kuliko wa shahada ya kwanza.

Tayari uko kazini, una stashahada, unataka upana bila kuacha mshahara: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina BA za masafa. Hakuna semina ya kila wiki, kwa hiyo tafuta wenzako watatu wa mkoa wako, mkutane Jumamosi kila mmoja akiwa na kurasa mbili alizoandika, na wengine wazikosoe kwa maandishi.